Tupeane uzoefu: mtoto wako alipopata manjano ulijuaje na mlifanyaje?

Mwenye mada: Wazazi wenzangu habari zenu. Naleta hii mada maana juzi shoga yangu kajifungua, usiku wa manane kanitumia picha ya mtoto ananiuliza eti huyu ni wa njano au ni taa ya chumbani? Nilicheka afu nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa nazunguka na mtoto dirishani namkagua kila saa. Yangu ilikuwa hivi, mtoto wa kwanza, siku ya tatu macho yakaanza njano, kila anayekuja kutupa hongera anasema kawaida hiyo muanike tu jua la asubuhi. Nikaanika. Siku ya nne nikaanika tena. Na mtoto muda wote huo analala tu, kunyonya mpaka umbembeleze, mimi najisifia nimepata mtoto mpole asiyelia. Siku ya tano kupimwa bilirubini, yaani ile rangi ya njano kwenye damu, iko 22 (mg/dL), tukalazwa siku tatu akiwa chini ya zile taa za bluu. Alipona, ndo huyu sa hivi anapanda juu ya meza, ila zile siku mbili za kuanika huwa zinaniuma mpaka leo. Haya nyie ilikuwaje?

Mama wa wawili: Mimi damu yangu ni grupu O, mume wangu A. Wa kwanza hakupata kitu. Wa pili nimejifungua alfajiri, jioni nesi kambonyeza pua kaita mwenzake, wakanong'onezana, moyo wangu ukaenda mbio. Njano siku hiyohiyo ya kuzaliwa! Dokta akanielewesha kwamba manjano ya kawaida huwa yanaanza siku ya pili ya tatu huko, yakitokea ndani ya masaa 24 ya kwanza hayasubiriwi hata kidogo, na kwangu ilikuwa kinga ya mwili wangu inavunja chembe za damu za mtoto kwa sababu grupu hazikupatana. Aliwekwa kwenye taa usiku uleule, na wakawa wanaongelea kumbadilisha damu kama ingezidi kupanda, namshukuru Mungu hatukufika huko. Kwahiyo mwenye O, au yule ambaye damu yake ni negativu, waambie watu wa leba mapema, usisubiri waulize.

Baba K: Mimi na wife ni weusi tii na dogo katoka vilevile, sasa hiyo njano unaionea wapi? Tulikuwa tunaangalia mashavu kumbe tunaangalia pasipo. Nilifundishwa hivi, nenda kwenye mwanga wa mchana sio wa balbu, bonyeza paji la uso au ncha ya pua kwa kidole afu achia, ile sekunde kabla damu haijarudi ndo unaona rangi yenyewe. Na weupe wa macho na fizi. Ikishashuka mpaka kwenye viganja na nyayo basi usikae kujadiliana, beba mtoto mwende. Ila hata ukiangalia vizuri vipi jicho linadanganya, kipimo ndo kinasema.

Mgeni hapa: Samahani naingilia. Mimi wangu ana siku ya tatu leo, macho yana njano na kifua naona kama pia. Tangu usiku kanyonya mara mbili tu, nikimwamsha anafungua mdomo afu anasinzia tena. Mama mkwe anasema nisubiri jua litoke. Nifanyeje?

Nesi mstaafu: Mgeni usisubiri jua, nenda sasa hivi na ukifika sema hivyohivyo ulivyoandika, kwamba hanyonyi na haamki vizuri. Mtoto wa umri huo anatakiwa anyonye mara 8 mpaka 12 kwa siku, bilirubini inatoka kwa choo, sasa asiponyonya hapati choo na asipopata choo inarudi kwenye damu. Na usimpe maji ya glukosi njiani, nyonyesha.

Hili la jua ngoja niliseme maana mama mkwe hajalitoa hewani. Mwaka 1956 huko Uingereza nesi mmoja anaitwa Jean Ward, kwenye hospitali ya Rochford, alikuwa anawatoa watoto njiti nje kwenye jua, akamwonyesha daktari mtoto mmoja aliyepauka isipokuwa kipande cha ngozi kilichokuwa kimefunikwa na shuka, hapo ndo pamebaki njano. Taa zikaanzia hapo. Kwahiyo mwanga kweli unafanya kazi, unaigeuza bilirubini iweze kutoka mwilini. Ila jua la dirishani huwezi kulipima, mtoto anapata dakika kumi akiwa amefungwa kanga, ukimvua nguo zote anapoa au anaungua, na wakati huo yenyewe inapanda. Ikipanda sana inaingia kwenye ubongo, na aliyepona hapo anaweza kubaki kiziwi au na viungo visivyotulia. Nimewaona, sitaki kuhadithia.

Mama njiti: Wangu alizaliwa wiki 34, nikaambiwa mapema kabisa njiti wengi wanapata kwasababu ini bado changa. Kilichoniliza sio ugonjwa, ni yale macho kufunikwa na kitambaa, amebaki na nepi tu na mimi siruhusiwi kumbeba mpaka saa ya kunyonyesha. Siku mbili akatolewa kwenye taa, kesho yake kupima imepanda tena akarudishwa, nikaona kama wananidanganya. Kumbe hiyo kupanda tena inatokea, ndo maana wanarudia kipimo hata baada ya kuzima taa. Ukiambiwa umrudishe kupima, mrudishe.

Shangazi mtu: Wengi wanaongelea wiki ya kwanza tu. Mtoto wa kaka yangu alifika wiki ya nne bado njano, ananyonya, ananenepa, wakaambiwa ni maziwa ya mama itaisha yenyewe. Na kweli ipo ya maziwa ya mama na haimdhuru mtoto wala huachi kunyonyesha. Ila huyu choo chake kilikuwa cheupe kama chokaa na mkojo umekolea unatia doa kwenye nepi, hakuna aliyeuliza. Njia ya nyongo ilikuwa imeziba, ikabidi operesheni, na hiyo inataka ifanyike mapema, wanapenda iwe kabla ya siku 60. Kwahiyo ikipita wiki mbili, njiti wiki tatu, bado njano, apimwe, na hiyo nepi usiitupe, nenda nayo.

Baba K: Aisee hii ya nepi sikuwahi kuisikia.

Mwenye mada: Mgeni vipi, mlifika?

Mgeni hapa: Tulifika. Bilirubini 19. Yuko chini ya taa toka mchana, wamemchukua damu kuangalia grupu maana kumbe na mimi ni O, na wamenifundisha kukamua nimpe kwa kikombe mpaka apate nguvu ya kuvuta mwenyewe. Mama mkwe kaja nae, kakaa kimya anaangalia taa. Saa hii kalia kwa mara ya kwanza toka jana, kelele wodi nzima, sijawahi kufurahia kelele hivi. Ngoja nikamnyonyeshe, naitwa.