Keria ya baiskeli inayofunguka pembeni: nani ameitumia?

Mama wa watatu, Columbus, Ohio

Habari za siku nyingi ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu.

Tuna gari la Toyota Highlander, na nyuma yake tumefunga keria ya sinia, ile ambayo baiskeli husimama kwa magurudumu yake badala ya kuning'inia. Hubeba nne: yangu, ya mume wangu na za watoto wawili wakubwa. Mdogo bado anakaa kwenye kiti nyuma ya baba yake. Jumamosi nyingi tunakwenda Yellow Springs, kwenye njia ya Little Miami. Ni tambarare, ina lami, haina magari, na watoto wanafurahi sana kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa nguvu za miguu yao.

Shida yangu ni buti. Nepi zimo ndani, chakula kimo ndani, makoti yamo ndani. Keria yenyewe inainama, lakini ikishabeba baiskeli nne siiwezi peke yangu, na hata ikiinama mlango wa buti unagonga usukani wa baiskeli ya kwanza. Juzi mvua ilitukuta mjini Xenia. Nililazimika kupanda viti vya nyuma kwa magoti, nikilivuta koti la mtoto kwa ncha za vidole, huku yeye analia nje.

Nimeona kuna keria zenye bawaba, unaisukuma yote pembeni kama mlango wa ua, pamoja na baiskeli zake. Bei si ndogo. Je, inafaa? Na ni salama kwa baiskeli nne?

Baba Minneapolis

Dada, pole na mvua ya Xenia. Mimi nimeitumia misimu mitatu, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila usinunue kabla hujalala chini ya gari na tochi.

Kwanza kuna namna mbili. Ipo keria iliyozaliwa na bawaba yake, kama RockyMounts BackStage. Na upo mkono wa bawaba unaouzwa peke yake, kama Kuat Pivot au Yakima BackSwing, unaoingia kati ya gari na keria uliyonayo tayari. Wewe una keria, kwa hiyo macho yako yawe kwenye mkono, lakini hakikisha mtengenezaji wake anaikubali keria ya baiskeli nne. Si kila mkono unaruhusiwa zaidi ya mbili.

Sasa lile tundu la mraba la kuvutia trela, chini ya bampa. Pima upana wake kwa ndani. Likiwa inchi 1¼, acha kabisa habari ya baiskeli nne na bawaba. Likiwa inchi 2, endelea, lakini soma kibandiko kilichobandikwa kwenye chuma chenye tundu hilo, maana vyuma hivi hupangwa kwa madaraja ya nguvu. Vyuma vya daraja la kwanza huruhusu pauni 200 tu za kukandamiza tunduni. Daraja la tatu kwa kawaida huanzia pauni 500. Piga hesabu na mimi, kwa vitu vyangu nilivyovipima kwa mizani ya bafuni: keria ya nne pauni 95, mkono wa bawaba 30, baiskeli zetu nne 112. Jumla 237, karibu kilo 107. Hapo daraja la kwanza limeshapitwa, na hujatia hata chupa ya maji. Halafu angalia kitabu cha gari, angalia karatasi ya mkono, angalia karatasi ya keria. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo unayoifuata.

Na hata hapo usiijaze hadi ukingoni. Mkono wa bawaba unasogeza baiskeli nyuma zaidi kwa inchi kadhaa. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha nyoosha mkono uishike mbali. Ndoo ni ileile, lakini bega linajua. Chuma cha gari nacho kina bega. Kila shimo la barabarani linaongeza uzito huo kwa ghafla.

Ukifika, mambo ni haya. Naitoa pini ya usalama, nalegeza kitasa, navuta wenzo, halafu nasukuma taratibu kwa mikono miwili nikiwa nimeshika chuma cha keria, siyo baiskeli. Inazunguka nzito, kimya, kama mlango wa ghala. Mwisho wake komeo linaingia na unasikia "ko!" Hiyo "ko" ndiyo kila kitu. Usipoisikia, usiache mtu yeyote asimame pale.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka juzi tuliegesha St. Paul kwenye mteremko, mtaa unashuka kuelekea mtoni. Nikaifungua kwa haraka, watoto wananiita, sikusikia komeo nikadhani limeingia. Nimeinama butini natafuta kofia ya chuma ya binti yangu, keria yote ikaanza kurudi yenyewe kwa mteremko. Pedali ilimpiga binti yangu kwenye paja. Aliumia, alivimba wiki nzima, na sauti yake ya siku ile bado ninayo. Tangu hapo sheria ni mbili nyumbani kwetu: hatufungui kwenye mteremko, na nikishafungua naivuta keria kurudi kwangu mara mbili kwa nguvu kabla mtoto hajakaribia.

Jambo la nafasi nalo. Keria ikifunguka inameza nafasi ya gari la jirani. Ukiegesha kando ya barabara, jua inafungukia upande gani. Ikifungukia upande wa magari yanayopita, usiifungue hapo kamwe. Mimi hutafuta nafasi ya mwisho kwenye maegesho, penye majani.

Na sisi wa Minnesota tuna chumvi ya barabarani. Ikifika Novemba, keria yote natoa. Niliiacha msimu wa kwanza, na Machi chuma kilikuwa kimeshikana na tundu kwa kutu hata nyundo ikashindwa. Nililala chini ya gari siku nzima na dawa ya kulegeza kutu. Sasa napaka grisi kwenye pini ya bawaba, na ndani ya tundu napaka dawa ya kuzuia vyuma visishikane.

Leicester, Uingereza

Salaam. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Tundu la mraba hatuna, tuna kile kichwa cha mpira cha milimita 50, na keria inakibana kwa juu. Ila nataka kumkumbusha dada suala la pleti namba. Hapa ukiziba pleti au taa kwa baiskeli, faini inaweza kufika pauni 1,000. Ndiyo maana keria zetu zina ubao wenye taa na pleti ya pili, unaochomekwa kwenye soketi ya umeme ya gari. Kwenu huko inakuwaje?

Baba Minneapolis

Swali zuri. Hapa sheria ni za kila jimbo, lakini Minnesota pleti lazima ionekane wazi, na Ohio vilevile haitakiwi kuzibwa. Dada, kumbuka Ohio iliondoa pleti ya mbele Julai 2020, kwa hiyo ya nyuma ndiyo pekee inayokutambulisha. Ukimaliza kufunga, simama hatua kumi nyuma ya gari uisome. Usiposoma wewe, polisi naye hasomi. Vipo vishikio vya kuhamishia pleti kwenye keria, vyenye kitaa kidogo. Taa za breki nazo zitazame hivyohivyo, mwenzio akikanyaga breki.

Mzee wa Denver

Wanangu, hamjambo. Mimi nina neno tofauti kidogo.

Kwa baiskeli mbili, keria ya kuinama inatosha. Bawaba ni kiungo kingine, na kila kiungo kinacheza na kinataka kutunzwa. Mimi na mke wangu tunabeba mbili za umeme. Natoa betri kwanza, naziweka ndani ya gari, kila baiskeli inapungua kama pauni 7, halafu nainamisha kwa mguu. Lakini mama wa watoto watatu mwenye baiskeli nne, hapo sibishi. Anahitaji mlango.

Ninalotaka kusema ni hili, na halijatajwa. Magari haya mapya yana mlango wa buti unaojifungua ukipitisha mguu chini ya bampa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari namfunga mjukuu kamba za viatu, ufunguo mfukoni. Mlango ukafunguka wenyewe, ukapanda moja kwa moja kwenye usukani wa baiskeli. Rangi ilikwaruzika na mlango haukufunga sawasawa hadi fundi alipounyoosha. Zima kitu hicho kwenye mipangilio ya gari kabla ya kufunga keria yoyote. Na breki ya kujizuia unaporudi nyuma, nayo soma kitabu, maana gari linaiona keria kama ukuta.

La pili, bomba la moshi. Tazama gurudumu la baiskeli liko wapi. Likiwa mbele ya mdomo wa bomba, safari ya saa moja inatosha kuyeyusha tairi.

Mama wa watatu, Columbus, Ohio

Shikamoo mzee, na asante sana. Kaka wa Minneapolis, nimesoma habari ya binti yako nikaiweka simu chini kwanza. Mungu ampe afya. Wa Leicester, asante, kweli pleti yangu ilikuwa imezibwa nusu na sikuwahi kuangalia.

Majibu yangu baada ya wiki mbili. Nililala chini ya gari kama nilivyoambiwa, mama yangu amenishikia tochi. Amekuja kutoka Tanga, na yeye keria anayoijua ni ile ya nyuma ya baiskeli, ya kubebea gunia la mkaa, kwa hiyo kila hatua aliniuliza nikamweleza, na kumweleza kulinifanya nielewe mwenyewe. Tundu ni inchi 2. Kibandiko kinasema daraja la tatu. Kitabu cha gari kinaruhusu. Nimepata mkono wa bawaba uliotumika, wa mtu anayehamia mbali, na karatasi yake inaukubali mzigo wa baiskeli nne, mradi kila moja isizidi pauni 40. Zetu hazifiki.

Jumapili tulikwenda kwenye maegesho matupu ya shule na keria bila baiskeli. Nikafungua na kufunga mara ishirini. Mara ya kumi hivi nikaanza kuijua ile "ko". Watoto waliisikiliza wakiwa mbali, wakinyoosha mkono kila inapoingia. Kisha tukapakia mbili, nikarudia. Mume wangu akapiga chaki chini, mstari ambao mtoto hauvuki hadi mama aseme.

Kilichonisimamisha ni kimoja. Pini ya kufungia mkono ndani ya tundu la mraba, aliyeniuzia alinipa ya nusu inchi. Inaingia, lakini kitobo chake ni cha pini ya inchi 5/8, kwa hiyo inacheza, na nikitikisa keria nasikia chuma kinagonga chuma. Sitoki na watoto hivyo. Kuna mtu upande wa mashariki ya Columbus mwenye bolti ya inchi 5/8 ya tundu la trela, yenye kufuli, ya kuniazima hadi yangu ifike Jumatano? Na spana yake pia, tafadhali. Nitakuja kuifuata mwenyewe.