Mjadala: Je, ni haki chuo kikuu cha umma kuishawishi serikali inayokilipa?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu swali lililorudi kwa nguvu nchini Marekani tangu mwanzoni mwa mwaka 2025: je, ni sahihi chuo kikuu cha umma, kinachoendeshwa kwa kodi za wananchi, kuwa na watumishi wa kudumu mjini Washington ambao kazi yao ni kuwashawishi wabunge na maseneta watenge fedha zaidi kwa utafiti na kwa wanafunzi, na wapinge sera ambazo chuo kinaziona kuwa na madhara? Wapo wanaosema kwamba huko ni kutumia fedha za umma kuombea fedha za umma. Mimi nashikilia kwamba chuo kinachonyamaza katika jambo hili kinawatelekeza waliokianzisha, ingawa nina ugomvi na vyuo vyenyewe kuhusu kile wanachokitanguliza.

Serikali ya shirikisho si mgeni katika vyuo hivi. Mwezi Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyotokana na juhudi za mbunge Justin Morrill wa Vermont, ambayo ililipatia kila jimbo tiifu ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wake, ili mapato ya ardhi hiyo yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo walikuwa wameporwa wenyeji wa asili, na deni hilo bado halijalipwa. Chuo kilichoanzishwa kwa mkono wa Kongresi, yaani bunge la Marekani, kina kila sababu ya kuzungumza na Kongresi.

Jambo lililowasha moto wa sasa ni tangazo la tarehe 7 Februari 2025, ambapo Taasisi za Taifa za Afya, maarufu kama NIH, zilisema kwamba gharama za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku za utafiti zitalipwa kwa asilimia 15 tu kwa kila chuo. Hizi ni gharama za majengo, umeme, utupaji wa taka hatarishi, kamati za maadili na wahasibu, yaani vitu ambavyo haviwezi kuandikwa kwenye jina la mradi mmoja. Kila chuo hupatana na serikali kuhusu kiwango chake, na cha Chuo Kikuu cha Michigan, kwa mfano, kilikuwa asilimia 56. Wengi walipotoshwa na hesabu hiyo. Kiwango huongezwa juu ya gharama za utafiti wenyewe, hakikatwi ndani yake. Kwa hesabu nyepesi, utafiti wa dola 100,000 kwa kiwango cha asilimia 50 hugharimu dola 150,000, kwa hiyo sehemu ya uendeshaji ni theluthi moja ya jumla, wala si nusu.

Majimbo 22 yalikwenda mahakamani, vyama vya vyuo vikafungua kesi yao, na jaji wa shirikisho huko Massachusetts akaizuia sera hiyo. Mojawapo ya hoja nzito ilikuwa kifungu ambacho Kongresi imekuwa ikikiweka katika sheria za matumizi tangu 2018, kinachoikataza NIH kubadilisha utaratibu huu. Kifungu hicho kilizaliwa baada ya Ikulu kupendekeza, mwaka 2017, kiwango cha asilimia 10, na vyuo vikaenda kuwaeleza wabunge wa pande zote mbili maana ya pendekezo hilo kwa maabara zao. Kama wangekaa kimya mwaka ule, mwaka 2025 mahakama ingekosa mojawapo ya misingi yake.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kulifafanua suala la asilimia, lakini hoja yako ya msingi siikubali. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. NIH yenyewe ilieleza kwamba katika mwaka wa fedha 2023 ilitumia zaidi ya dola bilioni 35 kwa ruzuku, na takriban bilioni 9 kati ya hizo zilikwenda kwenye gharama hizo za uendeshaji. Je, fundi seremala ambaye hajawahi kuingia darasa la chuo hana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imlipe mtu wa kwenda kuhakikisha kwamba bilioni hizo hazipungui?

Sheria inakataza fedha za ruzuku ya shirikisho kulipia ushawishi, nakubali, ila fedha hazina alama: chuo kikilipiwa umeme na serikali, kinabaki na nafasi ya kumlipa mshawishi kutoka mfuko mwingine. Tena iko ile desturi ya wabunge kutengea mradi wa jimboni kwao fungu maalumu ndani ya bajeti. Ilisitishwa mwaka 2011, ikarudi mwaka 2021, na vyuo vimo katika foleni ya kuomba. Hapo mradi haupimwi na wanasayansi wenzao; unategemea chuo kina seneta wa namna gani. Na kuhusu wanafunzi: vyuo vilikimbilia mahakamani ndani ya siku chache kwa ajili ya maabara. Ni lini vilikimbia hivyo kwa ajili ya kijana anayeshindwa ada?

Mleta mada:

Ndugu yangu, kuhusu mafungu maalumu tuko pamoja. Chuo kinachoheshimu sayansi hakipaswi kuomba fedha za utafiti kwa njia inayokwepa ushindani, na ningependa vyuo vya umma viachane na desturi hiyo hata pale seneta anapokuja nayo mkononi. Kuhusu seremala, anayo haki ya kuuliza, na pia ya kuona: sheria ya mwaka 1995 inawataka washawishi watoe taarifa kila robo mwaka, na watumishi wa vyuo vya umma hawakupewa msamaha ambao watumishi wengine wa majimbo wanao.

Swali lako la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu lina ukweli mwingi. Ruzuku ya Pell, ambayo ndiyo nguzo ya wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, katikati ya miaka ya 1970 ilitosha zaidi ya robo tatu ya gharama za kusoma chuo cha umma cha miaka minne. Leo kiwango chake cha juu, dola 7,395, kinafikia takriban theluthi moja. Vyuo, vikiwemo vya mfumo wa California, viliendesha kampeni mwaka 2021 ya kutaka ruzuku hiyo iongezwe maradufu, na haikufikia hapo. Kampeni ikapoa. Sasa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inafunga mkopo wa shirikisho wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na mwanafunzi wa uzamili asiye na mzazi wa kumdhamini benki ataujua uzito wake kabla ya mkuu wa chuo chake.

Yako pia mambo madogo yasiyo na kampuni wala jimbo la kuyasemea. Sheria ya mwaka 1958, iliyotungwa baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik, ilianza kulipia ufundishaji wa lugha za kigeni, na kwa mkondo huo Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi katika vyuo vya umma kama Wisconsin na Indiana. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliacha kuendeleza ruzuku hizo. Hakuna mpiga kura wa Wisconsin atakayempigia seneta simu kwa ajili ya Kiswahili. Chuo kisiposema, hakuna wa kusema.

Kwa hiyo, badala ya kuwafukuza washawishi Washington, ningevitaka vyuo vichapishe kila barua vinayoipelekea Kongresi, ili mwanafunzi aone mwenyewe Pell imeandikwa katika aya ya ngapi. Je, ndugu yangu, sharti hilo lingekutosha, au bado unataka ofisi zile zifungwe?