Nimuuzie mtu wa bara nyumba, au niwasikize majirani?

Mkaa_Kimya: Assalamu aleikum wadau. Nauza nyumba Kisauni, Mombasa, ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani, paa la mabati. Mnunuzi nimepata, mtu wa bara, kwa 900,000. Majirani wamekuja juu, wasema nikimuuzia mgeni mtaa utaharibika. Mzee wa mtaa naye asema hatatia sahihi. Usingizi sipati. Nifanyeje?

FundiBoriti: Nyumba na kiwanja, au bila ardhi? Kuta za mawe au udongo?

Bi_Halua: Mtaa utaharibika vipi, na kodi za vyumba wanazokula zalipwa na hao hao wa bara? Likoni 1997, wabara walipouawa na kufukuzwa, tuliona maneno haya yalikofikisha watu. Katiba kifungu cha 39 yampa Mkenya haki ya kukaa popote nchini, na Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 yakataza kubagua kabila katika kuuza mali. Muogope Mungu, si majirani.

ChaiYaTangawizi: Kura zikihesabiwa hakuna anayechambua ya mbara na ya mpwani. "Wageni" huonekana wakati wa kugawana.

WakiliWaBaraza: Sahihi ya mzee wa mtaa ni ushahidi tu, haimilikishi mtu. Jibu swali la Fundi.

Mkaa_Kimya: Bila ardhi. Lakini huku ndivyo zinavyouzwa, si mimi wa kwanza. Kodi ya ardhi nalipa 500 kwa mwezi, kijitabu ninacho.

WakiliWaBaraza: Basi unauza jengo, na jengo peke yake halina hati. Fanya sachi, yaani upekuzi wa rejista, ofisi ya ardhi kwa nambari ya kiwanja, ujue anayekutilia sahihi kijitabuni ndiye mwenyewe au ni mpwawe tu. Ikiwa ni wakfu, mazungumzo ni na Tume ya Wakfu. Lipa malimbikizo, kisha upate idhini ya maandishi kwamba mnunuzi ataandikwa kitabuni. Mwenye ardhi atataka chake, mpatane kabla hamjaenda kwa wakili. Mkataba useme "jengo", vipimo na vyumba, neno "ploti" lisionekane. Kama ni urithi, warithi wote watie sahihi, na kwa Waislamu mgao wa Kadhi utangulie. Mambo huharibika mnunuzi anapobomoa udongo asimamishe mawe. Hapo ndipo mwenye ardhi hutokea, maana ruhusa ilikuwa ya udongo. Bila idhini yake, mtu amenunua mabati, boriti na milango.

FundiBoriti: Na boriti zenyewe ziwe nzima. Chukua bisibisi, toboa plasta nyuma ya mlango wa ua, shubiri moja kutoka chini. Ikizama kama kwenye halua, mchwa wameshamaliza, na 900,000 ni ndoto. Ukuta huliwa kuanzia pale maji ya kuogea yanapopita.

Kongowea_Sokoni: Mwenye ardhi amesemaje?

Mkaa_Kimya: Ameleta notisi. Miezi mitatu tuhame, nakala kwa OCPD, mkuu wa polisi, wa Likoni. Lakini barua hizi huja na kupita. Na arbuni 150,000 nshachukua, nshalipa karo.

Bi_Halua: Mnunuzi ajua?

Mkaa_Kimya: Hajauliza.

WakiliWaBaraza: Subhanallah. Miezi mitatu na nakala kwa OCPD ndivyo Sheria ya Ardhi isemavyo, kifungu cha 152E. Huyo amepata wakili. Nenda mahakamani kabla muda haujaisha, 152F yaruhusu. Kuuza huku umeificha ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Wala usikimbilie ile sheria ya kukaa miaka 12 ardhi iwe yako. Aliyelipa kodi yupo kwa ruhusa, hesabu yake haianzi.

ChaiYaTangawizi: Ngojeni kwanza. Nyumba ya Kisauni, OCPD wa Likoni, ng'ambo ya feri? Ilivuka lini?

Kongowea_Sokoni: 😂 Ililipa nauli?

Bi_Halua: Nshajua, chambo hii. Wataka wapwani na wabara watukanane humu, wewe ukae ucheke.

Mkaa_Kimya: Wallahi si uongo. Mtaa nilibadilisha, kuna wanaonijua humu.

FundiBoriti: Na vyumba bado sita?

Mkaa_Kimya: Vyangu vinne. Viwili vya dada, tulirithi.

WakiliWaBaraza: Dada ametia sahihi?

Mkaa_Kimya: Yuko Maskati. Nimemwambia tunapaka rangi.