Samaki wa Babu

*Babu:* Hamjambo wanangu. Alfajiri nimepita bwawani, samaki wako juu wanapanua midomo. Wengine wameshaelea. Nani kamwaga sumu?

*Salim:* Shikamoo Babu. Wavuvi haramu hao, sina shaka.

*Zuhura:* Shikamoo Babu. Maji yana rangi gani?

*Babu:* Marahaba. Kijani, tena mazito. Nimechovya fimbo ikatoka na utando.

*Zuhura:* Basi si sumu, ni mwani. Mvua ya juzi imesomba mbolea ya shambani na samadi ya zizini, mwani ukashiba. Usiku hautoi oksijeni, unaitumia tu, na uliokufa ukioza unamaliza iliyobaki. Ndiyo maana alfajiri samaki wanatweta.

*Salim:* Kumbe nimesingizia watu 🙈

*Shangazi:* Afadhali sisi tunakunywa ya kisima, meupe pee.

*Zuhura:* Shangazi, kisima kiko chini ya zizi hilohilo! Samadi na mbolea zinaacha nitrati, inashuka na maji ardhini. Haina rangi wala harufu.

*Shangazi:* Ya mtoto nayachemsha mpaka yatokote, usinitishe.

*Zuhura:* Kuchemsha kunaua vijidudu. Nitrati haina uhai, utaiuaje? Tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki palepale, inakolea.

*Rehema:* Jamani ngojeni. Hayo ndiyo nakorogea maziwa ya kopo, na mtoto ana miezi miwili!

*Zuhura:* Wifi, acha kuanzia chupa inayofuata. Tumia ya bomba yaliyopimwa, hayo ndiyo uyachemshe. Nitrati ikizidi, damu ya kichanga inashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu. Ukiona hivyo, hospitali mbio. Hebu mwangalie.

*Rehema:* …

*Rehema:* Nimemwangalia. Kucha ziko sawa, ulimi mwekundu, anacheka tu. Mimi ndiye natetemeka.

*Salim:* Nayapeleka kupimwa kesho. Nibebe kwenye nini?

*Zuhura:* Chupa safi, isuuze kwa maji ya kisima chenyewe. Weka kwenye barafu, yafike siku hiyohiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita.

*Babu:* Na zizi kulijenga pale juu lilikuwa wazo la nani?

*Shangazi:* Lako, Baba 😅

*Babu:* Zizi lilikuwepo. Kisima mmekuja kukichimba nyinyi chini yake, nikasema, mkaniona mzee.

*Salim:* Kwa hiyo tunahamisha lipi?

*Babu:* Kisima kina miguu? Njooni asubuhi na majembe.