Mjadala: Mtunzi anayeimba nyimbo zake apande jukwaani na gita au na CD?

Mwanzisha mada, Kampala: Ndugu zangu, mwenye baa moja hapa mjini ameniambia niache gita nyumbani nije na CD ya muziki uliorekodiwa niimbe juu yake, kwa madai kwamba kuunganisha vyombo kunachukua muda na wateja wanachoka kusubiri. Nyimbo ni zangu, nimezitunga kwa gita hilohilo. Nikubali?

Mzee wa Jinja: Usikubali, kijana, lakini jipange. Watunzi wengi wanapoteza ukumbi pale wanapokaza nyuzi mbele ya watu huku wameinamisha vichwa, bila neno lolote. Joto la taa huvuruga nyuzi, kwa hiyo gita likae jukwaani mapema lizoee hewa ya pale, na ukilikaza tena, zungumza na watu. Ila usiwaige hawa wa kadongo kamu (muziki wetu wa Uganda wa kusimulia visa kwa gita moja), wanaosimulia mpaka mlevi wa mwisho amelala.

Binti wa Masaka: Shikamoo, mzee wangu. Nimeumizwa na hilo la walevi. Marehemu Paulo Kafeero, mwimbaji wa kadongo kamu, alifariki mwaka 2007, na hadi leo nyimbo zake ndefu zikipigwa watu wanafuata kisa neno kwa neno. Baba yangu hakuwa mlevi, na alikuwa akizima jiko ili asipitwe na ubeti.

Mzee wa Jinja: Marahaba, binti yangu. Kafeero sikumtaja. Nimewasema wanaomwiga bila kujua kwamba kisa kirefu kinahitaji sauti inayopanda na kushuka, na gita linalonyamaza mahali ambapo neno ni zito.

Mwalimu, Mbale: Mnagombania kadongo kamu ilhali Afrigo, bendi ya miaka ya themanini, bado inapiga muziki wa moja kwa moja bila kutegemea CD.

Binti wa Masaka: Afrigo ilianzishwa mwaka 1975, mwalimu, na Moses Matovu alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Tena ni bendi nzima. Mpiga gita akikosea, wenzake wanamfunika. Anayesimama peke yake hana wa kumfunika, na ndiyo maana wa kadongo kamu wanastahili heshima zaidi.

Mwanzisha mada: Wakubwa, bado sijajibiwa kuhusu CD.

Fundi mitambo, Entebbe: Mwambie mwenye baa kwamba gita moja na maikrofoni moja haviwezi kumchelewesha mtu, mradi ufike kabla ya wateja, uje na waya wako, na usisimame ukielekeza maikrofoni kwenye spika, kwani ule mlio mkali ndio unaowafanya wenye baa wapende CD. Akikataa hata hivyo, omba wimbo mmoja tu wa gita katikati ya zile za CD, awaone wateja wake mwenyewe.

Mzee wa Jinja: Fundi amesema vyema, nami naunga mkono.

Binti wa Masaka: Nami pia naunga mkono, lakini mzee, lile neno la walevi bado hujaliondoa.