Michirizi baada ya kunenepa au kupungua: tretinoini, visindano au leza?

Kipimo_Sahihi

Wadau, uzi huu ni wa kulinganisha njia za kutibu michirizi ya tumbo, mapaja, makalio na mikono ya juu, ile inayotokea mwili ukinenepa haraka na kubaki palepale hata kilo zikishuka. Matangazo ya losheni tuyaache nje. Natanguliza rasimu, nanyi mrekebishe.

Cha kwanza kuangaliwa ni umri wa mchirizi. Mchirizi mchanga bado una mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Kwenye ngozi nyeupe unaonekana mwekundu au wa zambarau, kwenye ngozi nyeusi unakuwa wa kahawia iliyokolea, mara nyingine mweusi wenye wekundu wa mbali. Huwasha, na ukipitisha kidole unahisi umeinuka kidogo. Mchirizi wa zamani umepauka, umebonyea, na ngozi yake ukiisogeza kwa vidole viwili inajikunja vikunjo vyembamba. Kutoka hali ya kwanza hadi ya pili huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Ukishindwa kutofautisha, chukua bilauri ya kioo angavu, ibonyeze juu ya mchirizi mahali penye mwanga mzuri. Rangi ikififia, hiyo ilikuwa damu. Rangi ikibaki, ni rangi ya ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeusi sana jaribio hili halisomeki kirahisi, basi tegemea muwasho, mguso na tarehe ulipouona mara ya kwanza.

Rasimu yangu ni hii: mchirizi mchanga, anza na tretinoini (krimu ya dawa ya jamii ya vitamini A). Wa zamani, visindano (kutoboa ngozi kwa sindano ndogo nyingi) au leza. Na kwa yote mawili, hakuna njia inayofuta. Kilichochanika ni nyuzi za kolajeni na elastini, zinazoipa ngozi uimara na mnyumbuko, kwenye tabaka la ndani, na pale pamejengwa kovu. Tunachofanya ni kulipunguza upana, kulijaza kidogo na kulisogeza rangi karibu na ngozi ya jirani.

Mfamasia_Zamu

Umeanza vizuri mkuu. Niongeze kwenye tretinoini, maana watu wengi wanaiacha kabla haijafanya kazi au wanajiunguza nayo.

Jaribio linalorejewa zaidi lilichapishwa 1996: krimu ya 0.1%, kila siku, kwa wiki 24, kwenye michirizi michanga tu. Urefu wa michirizi ulipungua kwa wastani wa asilimia 14 na upana asilimia 8, huku kwa waliopaka krimu tupu michirizi ikiendelea kukua. Someni namba hizo kwa makini. Asilimia 14 inaonekana kwa jicho, ila haigeuzi tumbo kuwa jipya.

Namna ya kupaka: usiku, ngozi ioshwe na sabuni isiyo kali, ikaushwe, kisha usubiri dakika 20. Ngozi yenye unyevu inafyonza dawa kwa nguvu zaidi na ndipo inapoungua. Krimu ya urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada, takriban nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili. Paka juu ya mchirizi, usisambaze tumbo zima. Kitovu na mikunjo ya kinena ipake vaselini kwanza ili dawa isijikusanye humo.

Wiki mbili za mwanzo paka kila baada ya usiku mbili, wiki mbili zinazofuata usiku mmoja ndiyo, unaofuata hapana, halafu kila usiku ngozi ikikubali. Kuanza na 0.05% si woga. Kubanduka kidogo ni kawaida, lakini kuchubuka kunakouma maana yake simama siku tatu, paka mafuta mazito, rudi taratibu. Kwenye ngozi nyeusi hili si la kupuuza, kwa sababu kila muwako unaweza kuacha doa jeusi linalodumu kuliko mchirizi wenyewe.

Mjamzito au anayetafuta mimba hatumii. Anayenyonyesha aulize daktari wake kwanza. Na usichanganye na krimu nyingine ya asidi eneo lilelile.

Tulizo

Samahani wakuu, mbona hakuna anayetaja siagi ya kakao na mafuta ya mzeituni? Ndivyo vinavyopendekezwa kila mahali, na havina madhara.

Mfamasia_Zamu

Ndugu Tulizo, madhara kweli hayana kwa wengi. Tatizo ni matokeo. Siagi ya kakao ilipimwa kwa wajawazito Lebanoni na Jamaika, ikilinganishwa na krimu isiyo na kiungo hicho, na haikuzuia michirizi. Mapitio ya 2012 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, nayo hayakupata ushahidi mzuri kwamba kitu cha kupaka kinaizuia. Dutu kubwa za mafuta hukaa juu, na mpasuko uko chini.

Faida yake ni nyingine: ngozi inayotanuka huwasha, na kujikuna kunaongeza weusi. Mafuta yakipakwa ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, yanatuliza muwasho huo. Kwa kazi hiyo hata vaselini isiyo na manukato inatosha. Krimu za asidi ya hayaluroniki zina ushahidi kidogo upande wa michirizi michanga, zinasaidia kidogo kuliko mafuta, na ndizo mbadala kwa mjamzito asiyeweza kutumia tretinoini.

Ndimu, dawa ya meno na kusugua kwa brashi ngumu ni hasara tupu. Ndimu ikikutana na jua juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge na madoa meusi ya wiki nyingi.

Sindano_Ndogo

Nije kwenye visindano. Hapa kuna tofauti kubwa kati ya kinachofanyika kliniki na kile kijiroli cha nyumbani (kigurudumu kidogo chenye sindano), na wauzaji wanaifunika makusudi.

Kijiroli cha milimita 0.2 au 0.3 hakifiki kwenye tabaka lenye mpasuko. Kinasaidia krimu kuingia, basi. Kliniki, kwa tumbo na mapaja, sindano huingia takriban milimita 1.5 hadi 2, na dalili kwamba kazi imefika ni vitone vidogo vya damu vilivyosambaa sawasawa. Mwili unajibu kwa kujenga kolajeni mpya, na hilo linachukua miezi. Kwa hiyo vikao ni 3 hadi 6, kila kimoja kikiachana na kingine kwa wiki 4 hadi 6. Anayehukumu matokeo baada ya siku kumi anakudanganya au anajidanganya.

Kununua kijiroli cha milimita 1.5 ujifanyie mwenyewe ndiyo makosa ninayoyaona yakipendekezwa sana. Sindano zake zinapinda, zinaingia kwa mshazari na kutoka zikichana, kisha zinaacha mistari sambamba ya vidoti. Umeongeza makovu juu ya kovu. Hapo sijazungumzia vijidudu.

Ukiwa kliniki, kichwa cha sindano kifunguliwe mbele yako na kitupwe baada yako. Tretinoini iachwe siku 5 hadi 7 kabla, na irudi ngozi ikiwa imepona kabisa, si chini ya wiki. Saa 24 za kwanza hakuna losheni yenye manukato, hakuna bwawa, hakuna jasho la mazoezi. Chupi au suruali yenye mpira unaobana juu ya eneo hilo isubiri siku mbili.

Wenye historia ya makovu yanayovimba na kukua, wenye maambukizi au upele eneo hilo, na wanaotumia dawa za kuyeyusha damu waseme mapema.

Onyo moja ambalo halisemwi: krimu ya ganzi. Kupaka lidokaini tumbo lote na mapaja yote mawili kisha kuzungushia nailoni kunaweza kuingiza dawa nyingi mwilini. Ganzi mdomoni, mlio masikioni, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo, hata degedege. Eneo kubwa ligawanywe vikao viwili.

Mwanga_Wa_Namba

Kwenye leza swali la kwanza kumuuliza mhudumu ni "urefu wa wimbi la mashine hii ni ngapi?" Akijibu "ni ya kisasa kabisa", shukuru na uondoke.

Nanomita 585 au 595: inalenga wekundu wa damu, hivyo ni ya michirizi michanga. Kwenye mchirizi mweupe haina cha kulenga. Kwenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi inaidaka nishati hiyo kabla haijafika kwenye mshipa, matokeo yake ni kuungua na madoa. Mashine za mwanga mpana zinazotumika kuondoa nywele zina hatari hiyohiyo, wakati mwingine zaidi.

Nanomita 1540 au 1550, zile zinazotoboa kwa vijinukta na kuacha ngozi nzima katikati yake: hizi ndizo zinazotumika zaidi kwa michirizi ya zamani, kwa sababu zinalenga maji, si rangi. Hata hivyo joto lenyewe linaweza kuamsha weusi, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi vijinukta hupunguzwa wingi na vikao huachanishwa zaidi.

Leza ya kaboni dioksidi, nanomita 10,600, inachimba zaidi na uponaji wake ni mrefu. Kwa tumbo na mapaja ya mtu mweusi mimi ningeiweka mwisho wa foleni. Ngozi ya mwili inapona polepole kuliko ya uso, na wengi wanasahau hilo wakiona picha za mashavu.

Nanomita 308 ni kitu kingine kabisa. Inarudisha rangi kwenye mchirizi uliopauka, haijazi bonde, na rangi hiyo inahitaji vikao vya kuitunza, la sivyo inafifia tena.

Chochote utakachochagua, dai jaribio kwenye eneo dogo lililofichika, ukubwa wa stempu, halafu subiri wiki 4 hadi 8. Weusi wa baada ya leza hauji siku ileile.

Sindano_Ndogo

Nakubaliana, na ndiyo maana kwa ngozi nyeusi mimi natanguliza visindano. Havitumii joto, hivyo hatari ya weusi ni ndogo. Ndogo, lakini ipo.

Mwanga_Wa_Namba

Sawa, mradi tusiwaambie watu visindano vinarudisha rangi. Kwa mchirizi mweupe pe, bonde linaweza kujaa na weupe ukabaki.

Kipimo_Sahihi

Hoja hiyo naichukua. Kuna swali jingine linaloulizwa kila mara: uanze lini kama bado unapungua?

Tretinoini haina haja ya kusubiri, maana dirisha lake ni uchanga wa mchirizi. Visindano na leza visubiri uzito utulie miezi 3 hadi 6. Ukitibu halafu ukaongezeka tena kilo nyingi, ngozi inachanika pembeni ya ulipotibu.

Na mtofautishe mchirizi na ngozi iliyolegea. Aliyepungua sana anaweza kuona michirizi "imeongezeka", kumbe ngozi imelala na mikunjo imeikusanya. Simama wima, vuta ngozi juu taratibu. Ikiwa sura nzima inabadilika, shida kubwa ni ulegevu, na hapo krimu na visindano havitoshi. Upasuaji wa tumbo unaondoa michirizi iliyo kwenye kipande cha ngozi kinachokatwa, kwa kawaida chini ya kitovu. Ya juu ya kitovu inabaki, inashuka tu mahali pengine.

Mfamasia_Zamu

Kabla hatujafika mbali, chanzo kimoja tusikiruke: krimu za steroidi. Klobetasoli na betamethasoni, zinazojificha ndani ya krimu nyingi za kung'arisha, zinakondesha ngozi na kuzuia chembe zinazotengeneza kolajeni. Michirizi yake huja sana kwenye mapaja ya ndani, kwapa na nyuma ya magoti, tena mipana, kwa mtu ambaye uzito wake haujabadilika. Ukiendelea kupaka huku unafanyiwa leza, unamwaga maji kwenye pakacha. Uliyeitumia muda mrefu usiikate ghafla bila daktari wa ngozi, maana ngozi inaweza kuwaka vibaya.

Michirizi ya zambarau yenye upana unaozidi sentimita 1, ikifuatana na uso kuwa wa duara, michubuko inayotokea bila kugongwa, misuli ya mapaja kuishiwa nguvu au presha kupanda, hiyo ni ya kupimwa homoni ya kotisoli. Huyo asianzie kwenye duka la vipodozi.

Tulizo

Nimeelewa. Na kwa asiyetaka kutibu, anataka tu kuficha kwa siku chache?

Kificho

Hilo linawezekana, na kwa wengi ndilo chaguo la akili zaidi.

Mchirizi wa zambarau au mweusi: kificho cha rangi ya chungwa au pichi kwanza, tabaka jembamba, gongagonga kwa kidole, usiburute. Kisha rangi ya ngozi yako, kisha poda, subiri dakika 5, ondoa ziada kwa brashi. Ukiruka chungwa, rangi ya ngozi juu ya zambarau inatoa kijivu.

Mchirizi mweupe: losheni ya kutia rangi yenye DHA (kemikali inayoikoleza ngozi ya juu bila jua). Jaribu eneo dogo siku moja kabla. Ondoa nywele siku moja kabla, sugua kwa kitambaa laini, kausha kabisa, usipake mafuta. Chukua brashi nyembamba ya kuchorea, pita juu ya mchirizi peke yake, acha ikauke, kisha tabaka la pili siku inayofuata ukiona haijafika. Ukisambaza losheni eneo zima, ngozi ya pembeni nayo inakolea na tofauti inabaki vilevile. Hilo ndilo kosa la wengi, sawa na kuota jua kwa matumaini kwamba kovu litakolea: ngozi ya pembeni ndiyo inayokolea, mchirizi unazidi kung'aa.

Usioge wala kutoka jasho kwa muda wa saa 6 hadi 8, vaa nguo pana ya rangi nyeusi. Inadumu siku 5 hadi 7, ikianza kubanduka mabaka. Haikingi jua, kwa hiyo SPF 30 bado inahitajika eneo likiwa wazi. Na nawa viganja mara tu umalizapo, maana rangi ya katikati ya vidole haitoki hadi ngozi ijibandue yenyewe.