Yadi imeniapia mahogani ni kavu, sai gitaa ya kastoma imepasuka mgongo

Wacha niandike hii kitu nikiwa bado na hasira, juu nikingoja kesho nitakuwa nimepoa niseme ah achana nao, na ni hiyo achana nao ndiyo imefanya hawa watu wa mbao watuchezee miaka yote.

Kwa wenye hawanijui, natengeneza gitaa za akustiki. Sina kampuni, ni SQ tu nyuma ya nyumba hapa Kahawa West, mabati juu, meza moja, jiriwa mbili, randa tatu na redio. Kazi nyingi ni ripea, daraja limeng'oka, mtoto amekalia, ama mtu amefunga waya za chuma kwa gitaa ya nailoni alafu anashangaa mbona uso umefura kama chapati kwa pan. Lakini kila mwaka najenga mbili tatu za kwangu kuanzia mbao mpaka waya, na hizo ndizo hunifanya niamke saa kumi na moja bila alamu.

Sasa mwaka jana Desemba mwalimu mmoja wa kwaya akaleta oda. Waya za chuma, mgongo na pande za mahogani, iwe tayari mapema kwaya izoeane nayo kabla ya Pasaka. Tukaelewana 38,000, akaweka dipositi 20,000. Wiki ya pili ya Januari nikaingia yadi. Sitaitaja, msiniulize inboksi pia, sitaki kesi. Mahogani ya Kongo, inchi 8 kwa 1, futi moja shilingi 350, nikataka futi 12. Hesabu 4,200.

Kijana wa pale akachomoa ubao, akaushika juu kwa vidole viwili ukaning'inia, akaugonga na fundo la kidole. Tok. "Sikia boss, sikia inavyolia. Hii ni ya kilini, imeingia ikiwa kavu kitambo." Kilini ni lile tanuri la kukaushia mbao.

Na kusema ukweli ililia poa. Mbao ikilia unajua ni ngumu na imetulia, lakini haikuambii maji yamebaki kiasi gani ndani, hiyo nilikuwa najua na bado ile sauti ikanilegeza. Nilikuwa na mita yangu ya pini pia, ile ya kupima unyevu wa mbao, msidhani nilienda kama mtalii. Nikadunga, ikasoma asilimia 11. Nikasema si mbaya, nikifika nyumbani itashuka kidogo iko sawa. Shida ni kwamba zile pini zinaingia milimita chache tu, na hizo mbao zilikuwa zimeegemezwa ukuta zinaota jua la Januari siku sijui ngapi. Ngozi ya juu imekauka, roho bado iko msituni. Nikaomba wanikatie kidogo katikati ya ubao nipime hapo ndani. Jibu? "Ukikata umenunua."

Nikanunua.

Sasa hapa wacha nijipige mwenyewe kabla nyinyi hamjanipiga. Kwa gitaa ile inchi moja unaipasua kwa msumeno inakuwa vibao vyembamba, unavifungua kama kitabu, vile nyuzi za mbao zinafanana kushoto na kulia, unaunganisha katikati, alafu unapiga randa mpaka ibaki kama milimita mbili na nusu hivi. Nilipasua jioni. Asubuhi nikapata vimejikunja kama sinia. Mbao kavu haikunji hivyo usiku mmoja! Hiyo ni mbao inakuambia kwa mdomo wake kwamba ndani na nje hazina maji sawa. Na mimi na haraka zangu, mwalimu ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, fundi tumefika wapi, nikavibana vikanyooka nikagandisha breisi, zile fito za ndani, siku hiyo hiyo. Ningeviwekea vijiti katikati nivingoje wiki tatu singekuwa hapa naandika. Hilo kosa ni langu. Nalibeba. Lakini kosa langu ni la haraka, lao ni la uongo, na hayo mawili hayalingani.

Wenye hawajui mbona gitaa inapasuka na mlango haupasuki: mbao ikikauka haipungui urefu, inapungua upana. Breisi za mgongo zinapita kukata nyuzi za mgongo, kwa hivyo mgongo unataka kupungua na breisi inakataa, na kandokando umegandishwa kwa pande mzunguko mzima. Pale chini kwenye gitaa ni pana kabisa ni kama milimita 380. Ikipungua asilimia moja tu hiyo ni karibu milimita 4. Zitatoka wapi? Zinatoka kwa ufa.

Gitaa ilitoka kwangu wiki ya tatu ya Februari. Na ilikuwa tamu jameni. Daraja na ubao wa freti ni mpingo, vile vipande vinabaki kwa wachongaji huko Wamunyu, mweusi huo ukiupiga msasa mpaka mwisho unajiona sura. Mwalimu alipiga kodi moja ya G hapo mlangoni akanyamaza tu, akaiangalia.

Siku ya sita simu. "Fundi, kuna kitu imelia usiku kama mtu amevunja kijiti."

Nikapanda matatu nikaenda. Kanisa la mabati, saa tisa mchana, ndani humo ni oveni. Akageuza gitaa. Ufa umeanzia chini kabisa ukapanda karibu sentimita 20, umefuata nyuzi za mbao umenyooka kama umepigwa rula, sio hata pale kwa maungio, ni kando yake. Nikatoa kadi ya ATM kwa waleti nikaijaribu. Ikaingia. Kadi ya ATM! Sopurano wawili wamesimama hapo wananiangalia na mimi nimepiga magoti na kadi kwa ufa kama nataka kutoa pesa.

Mwalimu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mimi niliwaambia wazee wa kanisa nakujua."

Sasa juzi nikasema wacha nipate ushahidi nisikuwe mtu wa maneno. Nikarudi yadi ile ile, nikanunua futi mbili kutoka mrundo ule ule, kijana yule yule, akaigonga tena, tok, ya kilini boss. Nikafika nyumbani nikakata kipande katikati ya ubao, sio mwisho, mwisho hukauka haraka. Nikakipunguza mpaka mizani ya jikoni ikasoma gramu 100. Nikakiweka kwa oveni ya mama watoto, digrii 103, kila lisaa natoa napima narudisha. Yeye anapita tu. "Leo unaoka mbao?" Naoka mbao. "Na ikiiva tunakula na nini?" Sikujibu. Ilishuka, ikashuka, ikafika 84 ikakwama hapo hata baada ya masaa mawili zaidi. Hiyo ndiyo kavu yenyewe. Kwa hivyo maji yalikuwa gramu 16, gawanya kwa 84, ni asilimia 19.

KUMI NA TISA. Mimi SQ yangu naiweka unyevu wa hewa kama asilimia 45 hivi, na hapo maji ndani ya mbao yanatulia kwa asilimia 8 ama 9. Wameniuzia mbao iko na maji mara mbili ya hayo, na wakaiita ya kilini. Kilini gani? Ya kuchemsha githeri?

Nikawarudia na kipande changu kwa karatasi, na hesabu nimeandika. Kijana akaangalia akacheka. "Boss, sisi tunauza mbao, hatuuzi keki."

Nikaomba kuongea na mwenyewe. Mzee wa heshima, nikamsalimia vizuri, shikamoo mzee, nikaketi, nikaeleza pole pole. Akanisikiza mpaka mwisho, hilo nampa. Alafu akasema, "Kijana wangu, hii mbao imejenga milango Karen na hakuna hata mmoja umerudi." Nikamwambia mzee, mlango ni inchi moja na nusu, na lile bamba la katikati fundi mzuri huliacha licheze ndani ya mfereji, halijagandishwa, likipungua linapungua kimya kimya hakuna mtu anajua. Yangu ni milimita mbili na nusu na imegandishwa kila upande. Akatikisa kichwa kama ameelewa. Alafu akaanza ile hadithi yao, ati tangu serikali ifunge misitu 2018 mbao imekuwa shida, haikai yadi, inakuja inaenda, haipati muda wa kukauka. Mzee kwa heshima zote, hiyo marufuku ilikuwa ya kukata miti kwa misitu ya hapa kwetu, na Julai 2023 Rais mwenyewe alitangaza anaiondoa. Hii ni mahogani ya KONGO, umeniambia wewe na kijana wako. Aberdare inaingilia wapi hapa?

Rifandi hakuna. Ati nimeshakata.

Mimi sikatai kuuziwa mbao mbichi. Niambie tu ni mbichi! Nitalipa, nitaipanga kwa kivuli na vijiti katikati, nitaipaka nta kwa ncha zake, nitaingoja mwaka mzima, ndivyo mafundi wamefanya tangu zamani. Inchi moja mwaka mmoja, hiyo kila fundi anaijua. Nikijua ni mbichi naweza kupanga maisha yangu. Lakini ukiniapia ni kavu nikaipangia kazi ya wiki sita, umeniibia mbao, umeniibia wiki sita, na umeniibia yule mwalimu.

Na wale wameshaanza kuandika "si angenunua ya China elfu saba", tafadhali piteni. Hizo naziripea pia, hamko salama.

Kuhusu gitaa yenyewe. Nimeirudisha kwa meza. Hauwezi kumwaga gundi kwa ufa uko wazi hivyo, inabidi kwanza mbao inywe kidogo ifure ijifunge yenyewe. Nimechukua kisanduku cha sabuni nimekitoboa, ndani sponji imekamuliwa vizuri, nimekining'iniza kwa tundu la sauti nikafunika na nailoni. Leo ni siku ya nne na kadi ya ATM haiingii tena, risiti ya supamaketi ndiyo inapita kwa shida. Ikifunga kabisa nitasukuma gundi kwa kidole kutoka nje mpaka ionekane ndani, nibane, alafu viraka vidogo vya mbao ndani, kama ukucha wa kidole gumba hivi, nyuzi zake zikikata ufa usitembee tena. Mkono unaingia kwa tundu mpaka hapa kwa kiwiko, tochi ya simu, kioo cha poda nilichoibia mama watoto. Inafanyika. Itashika. Lakini nikiwa na kioo bado nitaona ule mstari, na mwalimu pia, na hata akisema haoni mimi nitajua anaona.

Nimemrudishia 10,000 pia, hakuomba.

Kuna gitaa ya babu imening'inia hapo ukutani mbele yangu nikiandika. Gallotone, ya Afrika Kusini, alipigia omutibo hiyo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, na binamu yake kando anagonga chupa ya Fanta. John Lennon alianza na Gallotone 1957, na ya kwake ndani ilikuwa na lebo imeandikwa imehakikishwa haitapasuka. Ya babu lebo imekwisha, mende wamekula, lakini mwili hauna ufa hata mmoja, na hiyo gitaa imekaa juu ya jiko la kuni miaka. Sijui nicheke ama nilie.

Sasa ninachouliza, kuna mtu Nairobi hii ananunua mbao ngumu kavu ya ukweli? Sio ya kugongwa, ya kupimwa. Yadi inakubali ukate katikati udunge mita mbele yao. Hata ikiwa futi moja ni 600 nitalipa. Na kama unatengeneza gitaa, ngoma, nyatiti, chochote chembamba, na umepigwa na watu wa ya kilini, andika hapa chini umepimiwa ngapi. Usitaje jina, taja namba tu.

NIMEONGEZA, saa mbili usiku: nyinyi mlisema nimpigie tena yule mzee kwa upole, nilipiga. Amesema ameongea na kijana wake na kwa sababu mimi ni kastoma mzuri wataniwekea futi nne za bure, safari hii kavu kabisa, amechagua mwenyewe kwa mkono. Nikauliza imepimwa na nini. Akasema ngoja.

Ameniletea vois noti sai hivi, sekunde tisa. Sekunde tano za kwanza ni matatu inapita. Alafu tok, tok. "Umesikia, kijana wangu?"